Kumtambua Ndege wa Mto wa Milimani: Maji Kwanza, Manyoya Baadaye

Anayeshuka kwa mara ya kwanza hadi ukingo wa mto wa milimani, darubini shingoni na kitabu cha ndege mkononi, kwa kawaida hurudi na orodha fupi na mashaka mengi. Maji hupiga kelele kiasi cha kumeza milio, mwanga humemeta juu ya mawe yaliyolowa, na ndege mwenyewe huonekana kwa sekunde mbili tu, akipita chini chini juu ya mkondo kabla hajapotelea konani. Kitabu nacho hakimwokoi upesi, kwa sababu vitabu vingi vya ndege hupangwa kwa kufuata koo, yaani familia za ndege: bata wako kurasa za mwanzo na ndege wadogo waimbao kurasa za mwisho, ilhali mtoni wote wawili wanaweza kuwa wamesimama juu ya jiwe moja. Basi mtazamaji hushika kile alichokiona vizuri kuliko vingine, yaani rangi, akaanza kupekua kurasa akimtafuta ndege mweusi mwenye weupe kifuani. Atawapata wengi mno.

Mimi naona rangi ingefaa kuwa swali la mwisho. Mto unaoporomoka mlimani ni makazi magumu, na ugumu huo umewasukuma ndege wa kila bara kwenye kazi chache zinazofanana: yuko anayezamia, yuko anayetikisa mkia juu ya jiwe huku akidaka wadudu, yuko anayevizia samaki kutoka tawini, na yuko anayeogelea kwa kupingana na mkondo. Kwa hiyo swali la kwanza ni ndege huyu anafanya kazi gani, na katika sehemu gani ya maji. La pili ni tuko upande gani wa dunia na katika kimo gani. Maswali hayo mawili yakishapata majibu, mara nyingi hubaki ndege wawili au watatu tu wanaowezekana, na hapo ndipo manyoya yanapopewa nafasi ya kuamua.

Kwanza tuelewane kuhusu neno bonde. Bonde la mto ni ardhi yote ambayo mvua au theluji yake huishia katika mkondo mmoja, kuanzia mgongo wa mlima unaoyagawa maji hadi mahali mto unapoingia ziwani, baharini au katika mto mwingine. Orodha ya ndege wa bonde, kwa hiyo, huwa na watu wa aina mbili. Wapo wanaoutegemea mto wenyewe, ambao ukikauka nao huondoka, na wapo wa miteremkoni, kama vile gogota, bundi, njiwa wa msituni, na tai anayeelea juu ya upepo uliogonga mlima ukapanda. Hawa wa pili wangeweza kuishi katika msitu wowote wa kimo hicho, na kuwatambua hakuhitaji kanuni ya pekee kwa sababu ya mto. Makala hii inashughulika zaidi na wale wa kwanza.

Mto wenyewe hauko sawa kuanzia juu hadi chini. Kule juu maji ni ya baridi, yana oksijeni nyingi, na hupita kati ya mawe makubwa. Samaki ni haba, lakini kila jiwe lina viluwiluwi vya wadudu vilivyolishikilia. Ndiyo maana wakazi wa huko ni wala wadudu. Mteremko unapolegea, changarawe na mchanga hutuama, vilindi vya maji tulivu hutokea kwenye mapindo, kingo za udongo husimama wima, na samaki huongezeka. Hapo ndipo wavuvi wanapoanza kuonekana, yaani mdiria, korongo na mnandi. Hali ya hewa nayo hubadilika, kwani joto hupungua kwa wastani wa takriban nyuzijoto 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mtazamaji anayeandika kimo na sura ya maji kabla ya kuandika jina la ndege huwa ameshaondoa nusu ya majina yasiyowezekana.

Mwenyeji halisi wa sehemu ya juu ni ndege ambaye Kiswahili hakina jina lililozoeleka la kumwita, na sababu yake itaonekana punde. Hapa nitamwita mzamia-kijito. Jenasi yake ni Cinclus, nayo ina spishi tano tu duniani kote. Ni ndege mnene mwenye mkia mfupi, urefu wake kama sentimita 18, na ni wa kundi la ndege waimbao. Hata hivyo hutembea ndani ya maji. Huingia mtoni kwa miguu kana kwamba anashuka ngazi, akashikilia mawe ya chini kwa kucha zake, akajisukuma kwa mabawa, huku akipekua viluwiluwi, wakiwamo wale wanaojijengea ala ya vijiwe. Hakuna ndege mwimbaji mwingine anayejipatia riziki namna hiyo. Ukimwona ndege mdogo mnene akizama na kuibuka katika maji ya kasi, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Nusu iliyobaki huimaliza kwa ramani. Ulaya, Asia Magharibi na milima ya Atlas ni nchi ya Cinclus cinclus, mwenye kifua cheupe kama povu. Asia Mashariki hadi Himalaya yuko Cinclus pallasii, aliye kahawia mwili mzima. Magharibi mwa Amerika Kaskazini na kushuka hadi Amerika ya Kati yuko Cinclus mexicanus, wa kijivu, ambaye weupe wake wa pekee unaoonekana kwa mbali ni ukope unaomulika anapopepesa jicho. Katika Andes yuko Cinclus leucocephalus mwenye utosi mweupe, na katika miteremko ya mashariki ya Bolivia na Argentina yuko Cinclus schulzii mwenye koo la rangi ya kutu. Hawa wawili kwa kawaida hawazami kabisa kama wenzao, bali huchakura katika maji mafupi na kwenye mawe yanayorushiwa matone. Spishi hizi hukutana mahali pachache sana. Himalaya ni mojawapo, na huko mara nyingi kifua cheupe ndicho kinachotenganisha ndege wa kwanza na wa pili. Kusini mwa Sahara hayupo hata mmoja. Wazungumzaji wa Kiswahili hawakuwa na haja ya kumpa jina ndege ambaye mito yao haikuwahi kuwa naye, na mtazamaji wa Afrika anayedhani amemwona anapaswa kumtazama tena.

Kundi la pili, lile la watikisaji, ndilo linalowachanganya wengi, kwa hiyo linastahili subira. Karibu kila ndege anayesimama juu ya jiwe katikati ya maji ya kasi ana sehemu ya mwili asiyoweza kuituliza. Zipo fikra mbalimbali kuhusu sababu: huenda ni ishara kwa mwenzi mahali ambapo kelele zimeua sauti, huenda ni njia ya kumwambia adui kwamba ameshaonekana. Vyovyote iwavyo, jambo lenye faida kwetu ni kwamba hawatikisi kitu kimoja, wala kwa namna moja. Mzamia-kijito hukunja magoti, na mwili wake wote ukashuka na kupanda kama mtu anayepiga magoti nusu. Ndege wa jenasi Motacilla, ambao tunaweza kuwaita watikisa-mkia, huutuliza mwili na kuupiga mkia mrefu juu na chini. Kitwitwi wa mitoni, Actitis hypoleucos, huinamisha kichwa na kuyumbisha nusu nzima ya nyuma, kana kwamba bawaba imewekwa kiunoni mwake. Akiruka, hupiga mabawa kwa mipigo mifupi iliyokakamaa, kisha akaelea kidogo, kisha akapiga tena, wala hapandi juu ya maji zaidi ya kimo cha mtu. Bara la Amerika lina ndugu yake, Actitis macularius, ambaye wakati wa kuzaliana huwa na madoa meusi ya mviringo kifuani. Nao ndege wadogo wa mito ya Himalaya wa jenasi Phoenicurus huufungua mkia kama kipepeo cha mkono na kuufunga, mara nyingi kwa siku. Mtu aliyezoea tofauti hizi nne anaweza kumtaja ndege aliye upande wa pili wa mto, dhidi ya jua, wakati ambapo rangi hazionekani kabisa.

Ndani ya watikisa-mkia wenyewe, rangi huanza kuwa na maana. Wawili wanaweza kukutana katika kijito kimoja cha milima ya Afrika Mashariki kati ya Oktoba na Machi: Motacilla clara, mkazi wa mwaka mzima, na Motacilla cinerea, mgeni aliyekuja kutoka Ulaya au Asia kukimbia baridi. Wote wana mgongo wa kijivu na mkia mrefu kupita kiasi. Mgeni ana umanjano chini ya mkia, hata anapokuwa amefifia sehemu nyingine; mkazi hana umanjano popote, tumbo lake ni jeupe safi, na kifuani ana utepe mwembamba mweusi. Wa tatu, Motacilla aguimp, ni mkubwa zaidi, mweusi na mweupe, na hupendelea mito mipana ya chini pamoja na makazi ya watu. Tazama chini ya mkia kwanza, mgongo baadaye.

Bata wa mito ya kasi ni wachache, na uchache wao ni msaada. Duniani bata wengi hupenda maji yaliyotulia, kwa hiyo bata aliyekaa kwa raha katikati ya maporomoko ni karibu kitambulisho kamili. Katika Andes, kuanzia Venezuela hadi ncha ya kusini ya bara, ni Merganetta armata: dume ana kichwa cheupe chenye mistari myeusi, na jike ana tumbo la rangi ya kutu, tofauti kubwa kiasi kwamba mgeni huwahesabu kuwa spishi mbili. Nyuzilandi ina Hymenolaimus malacorhynchos, wa kijivu-samawati, mwenye ngozi laini kwenye ncha ya mdomo inayomwezesha kukwangua mawe bila kujiumiza. Wamaori humwita whio, jina linaloiga mbinja ya dume. Afrika kusini mwa Sahara ina Anas sparsa, bata mweusi-kahawia mwenye madoa meupe mgongoni na miguu ya rangi ya machungwa, mwoga sana, ambaye hupatikana kwa urahisi alfajiri na jioni kuliko mchana. Katika kaskazini ya dunia Histrionicus histrionicus huzaliana kwenye mito ya kasi kisha hushuka kukaa majira ya baridi kwenye pwani zenye miamba, hivyo asipoonekana mtoni Januari, bonde halijampoteza.

Kwa mdiria mambo ni mepesi, ingawa hapa kuna mtego mmoja wa kukumbuka. Ukubwa na namna ya kuwinda hutosha kwa mwanzo: wakubwa wa jenasi Megaceryle huketi kwenye matawi mazito na kujitupa majini kwa kishindo, Ceryle rudis, mweusi na mweupe, husimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kushuka, wadogo wa samawati huketi chini sana, karibu na maji, na kwa kawaida mtu huona tu mstari wa buluu unaopita. Mtego uko katika jinsia. Kwa Megaceryle maxima wa Afrika, dume ana rangi ya kutu kifuani na jike anayo tumboni. Kwa Megaceryle alcyon wa Amerika Kaskazini, jike ndiye aliyevaa ukanda wa ziada wa rangi hiyo, jambo lisilo la kawaida, kwa kuwa katika ndege wengi dume ndiye mwenye mapambo. Kwa Ceryle rudis, dume ana tepe mbili kifuani na jike moja. Na kwa Alcedo atthis wa Ulaya na Asia tofauti iko mdomoni, kwani sehemu ya chini ya mdomo wa jike ina wekundu. Anayejua hayo hupata taarifa mbili kwa kutazama mara moja; asiyejua hujaza daftari spishi zisizokuwapo.

Ndege warefu wanaosimama maji mafupi wanaleta tatizo la lugha zaidi ya la macho. Neno korongo kwetu hubeba ndege wa koo kadhaa, na juu ya hayo hutaja pia lile bonde jembamba lililochimbwa na maji, kiasi kwamba sentensi kama "nilimwona korongo korongoni" ni sahihi na haimsaidii mtu. Njia rahisi ya kutenganisha ni kungoja aruke. Wale wa jenasi Ardea, kama Ardea cinerea wa Afrika, Asia na Ulaya au Ardea herodias wa Amerika Kaskazini, hukunja shingo kwa umbo la S na kuificha kati ya mabega, na hivyo ndivyo afanyavyo yangeyange pia. Korongo wa koo nyingine, yaani wale wa mdomo mzito na wale wa nyikani wanaopiga baragumu, kwa kawaida hunyoosha shingo mbele. Katika mito ya Afrika yuko pia fundichuma, Scopus umbretta, wa kahawia tupu, mwenye kishungi kinachoelekea nyuma na kufanya kichwa chake kionekane kama nyundo. Kiota chake kikubwa chenye paa, kilichojengwa kwa vijiti kwenye tawi la mti juu ya maji, huonekana kabla yake mwenyewe.

Kuhusu sauti, watu wengi hukata tamaa mapema. Kelele ya maji yanayoporomoka imejaa zaidi masafa ya chini, na ndege wa mitoni wengi hulia kwa sauti nyembamba na kali inayopenya juu ya kelele hiyo. Sikio likishajua kwamba linatafuta kitu chembamba kama sindano, huanza kukipata. Kusogea mita chache nyuma ya jiwe kubwa au kona ya ukingo hupunguza ngurumo kwa kiasi cha kushangaza, na mahali hapo panafaa kwa dakika kumi za kusikiliza bila darubini. Motacilla cinerea hutoa mlio wa chuma wa silabi mbili kali anaporuka. Mzamia-kijito hutoa mlio mmoja mfupi mkavu anapopita. Milio yote miwili husikika kabla ndege hajatokea, na kumpa msikilizaji nafasi ya kugeuza macho upande unaofaa.

Makosa mengine hutokana na umri, majira na maji yenyewe. Kinda wa Cinclus cinclus ni wa kijivu mwenye magamba-magamba, na weupe wa kifuani umechafuka, hivyo hafanani sana na picha ya mzazi wake. Katika Himalaya, dume wa Phoenicurus fuliginosus ni wa samawati-kijivu mwenye mkia wa rangi ya kutu, na jike ni wa kijivu mwenye weupe mpana chini ya mgongo. Nao pia wameandikwa mara nyingi kama ndege wawili tofauti. Bata dume wengi hupoteza mapambo yao baada ya kuzaliana na kufanana na majike kwa wiki kadhaa. Manyoya yaliyolowa huonekana meusi kuliko yalivyo. Ukubwa nao hudanganya, kwa sababu mtoni hakuna kipimo. Jiwe lililo mbali linaweza kuwa la ukubwa wa ngumi au wa gari. Ni salama zaidi kulinganisha ndege na ndege mwingine aliye karibu naye.

Bonde lenyewe likibadilishwa na binadamu, orodha nayo hubadilika, na hili lafaa kuzingatiwa na anayetumia orodha ya zamani. Bwawa likijengwa, kipande cha mto wa kasi huwa ziwa: watikisa-mkia na wazamiaji huondoka hapo, na nafasi yao huchukuliwa na mnandi, kukuziwa na bata wa maji tulivu. Maji yakigeuka kuwa ya asidi, viluwiluwi hupungua na mla viluwiluwi hutoweka hata kama mto bado ni safi kwa macho. Huko Wales, watafiti wa miaka ya 1980 walionyesha kwamba Cinclus cinclus alikuwa haba katika vijito vilivyokuwa na asidi nyingi kuliko katika vijito jirani. Kwa hiyo kutomwona ndege wa kawaida mahali anapotarajiwa ni taarifa yenye uzito, nayo iandikwe pamoja na kimo, saa na hali ya maji.

Limebaki suala la kuhesabu, ambalo huharibu kazi iliyofanywa vizuri katika kutambua. Mzamia-kijito, kama ilivyo kwa watikisa-mkia wengi wa mitoni, hugawana mto kwa vipande virefu vyembamba, kila jozi na kipande chake. Ukitembea kando ya maji, ndege aliye mbele yako huruka, hutua mita mia moja mbele, hukungoja, huruka tena, na mtu asiyejua huandika ndege sita mahali palipo na mmoja. Endelea kutembea bila kuandika. Akifika mwisho wa kipande chake hatavuka kwa jirani. Atapanda hewani kidogo, atazunguka juu ya kichwa chako au kukatiza kando ya ukingo, na kurudi nyuma alikotoka. Mahali alipogeukia ndipo pa kuweka alama moja kwenye ramani, na ndege atakayeruka baada ya hapo ni wa pili.